Taa ya kale Durban na fumbo la nusu milimita

Katika majumba ya zamani ya mji wa Durban, Afrika Kusini, bado zinaning'inia taa za shaba zilizotengenezwa Uingereza enzi za inchi. Anayetaka kuzifufua hukumbana na swali dogo lenye hatari kubwa: skrubu hii ni ya kipimo gani?

DURBAN - Jioni ya Jumamosi moja mke wangu alipanda juu ya kiti kubadilisha balbu ya taa ya mezani kwetu. Swichi aliiacha imewashwa ili aone kama balbu mpya inawaka. Mkono mmoja ulishika mkono wa shaba wa taa, wa pili umeegemea friji. Nilisikia ukelele, kisha nyumba nzima ikawa giza.

Kilichomwokoa ni kile kifaa kwenye boksi la swichi kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Hapa Afrika Kusini kifaa hicho hukata unapovuja umeme wa miliampia 30, kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kufumba jicho. Nyumba nyingi za kwetu Tanga, Mombasa au Bukavu hazina kifaa hicho. Aliteremka akitetemeka, kiganja kinamuuma, lakini mzima.

Kosa lilikuwa langu. Na lilianzia kwenye nusu milimita.

Taa yenyewe ina mikono mitatu ya shaba ya manjano na vikombe vya kioo. Niliinunua kwenye duka la vitu vya mitumba. Muuzaji alisema imetoka katika moja ya maghorofa yanayotazama bandari, kando ya barabara ya Margaret Mncadi, iliyokuwa ikiitwa Victoria Embankment. Mtu akitembea mji huu akiinua macho ataona kwa nini vitu kama hivyo havikosekani. Jumba la Jiji lilifunguliwa mwaka 1910, likiwa limeigwa kutoka lile la Belfast huko Ireland ya Kaskazini. Yapo pia majengo ya miaka ya 1930, yenye kona za mviringo na mapambo ya mistari, katikati ya mji na kule Berea. Yanapokarabatiwa, milango huenda huku, vigae kule, na taa huishia kwa watu kama mimi.

Holda moja ilikuwa imepasuka. Nikaenda duka la vifaa vya umeme, nikauziwa holda mpya pamoja na kile kijibomba kifupi chenye nyuzi pande zote, ambacho mafundi bomba kwetu hukiita nipo. "Ni ya milimita kumi, ndiyo ya taa zote, kaza tu," nikaambiwa. Iliingia kwa vidole raundi moja na nusu, ikagoma. Nikachukua spana. Shaba ni laini, ikakubali, nami nikafurahi kwa ujinga wangu.

Kumbe nipo ile ilikuwa inachonga nyuzi mpya juu ya zile za zamani. Ilishika kwa ncha tu. Balbu ya pini husukumwa na kuzungushwa, na kila ilipozungushwa holda nzima ilizunguka nayo. Ndani ya mkono wa taa waya zilijisokota, zikasuguana na ukingo mkali wa bomba, ganda likachubuka. Waya wa moto ukagusa shaba. Na kwa kuwa taa ile ilikuja na waya mbili tu, bila waya wa ardhi, umeme ulikaa pale kwenye shaba ukimsubiri mtu.

Mzee wa Chatsworth

Aliyenionyesha haya yote ni mzee mmoja wa Chatsworth, fundi mchongaji wa vyuma mstaafu. Yeye ni wa jamii inayoitwa hapa Wazanzibari, na msomaji wa nyumbani huenda hajawahi kuisikia. Kuanzia mwaka 1873, watu waliokombolewa na manowari za Uingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa walisafirishwa kutoka Zanzibar hadi Durban, wakafanywa vibarua. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Walikaa Kings Rest, upande wa Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamisha kwenda Chatsworth katika miaka ya 1960, ikiwaandika katika fungu la "Waasia wengine". Jina la Zanzibar limebaki, ingawa lugha ya nyumbani ilikuwa Kimakua. Kiswahili chake mzee huyu anasema amekiokota kwa mabaharia bandarini na kwa sisi tuliokuja baadaye.

Nilimwamkia shikamoo, akacheka, kwa kuwa hapa salamu hiyo haisikiki mara nyingi. Aliifungua taa yote juu ya gazeti bila kusema neno. Kisha akaniuliza nani aliikaza ile nipo.

"Ni mimi, mzee."

"Mwanangu, usiulize kama itaingia. Chuma chochote kitaingia ukikilazimisha. Uliza kama inaingia kwa vidole mpaka mwisho."

Mtu mmoja wa Manchester

Ili kuelewa kwa nini nipo ya leo haikubaliani na taa ya babu zetu, lazima turudi mwaka 1841. Kabla ya hapo kila karakana ya Uingereza ilikuwa na nyuzi zake, au tredi kama wanavyosema mafundi. Nati ya karakana moja haikuingia kwenye skrubu ya karakana nyingine. Joseph Whitworth, fundi wa Manchester aliyezaliwa Stockport mwaka 1803, alikusanya skrubu kutoka karakana nyingi, akatafuta wastani wake, na kupendekeza mfumo mmoja: pembe ya uzi iwe digrii 55, na kila kipenyo kiwe na idadi yake ya nyuzi kwa inchi. Skrubu ya robo inchi ikapewa nyuzi 20, ya nusu inchi nyuzi 12.

Mfumo huo ukapanda meli pamoja na reli, mabomba na mashine, ukashuka Durban, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Wamarekani walienda njia yao kuanzia 1864 kwa pembe ya digrii 60, na mfumo wa milimita wa leo nao unatumia digrii 60. Afrika Kusini ilihamia kwenye mita katika miaka ya 1970. Kwa hiyo nyumba ya Durban iliyojengwa mwaka 1935 na kukarabatiwa mwaka 1985 inaweza kuwa na mifumo miwili kwenye dari moja.

Lakini nyuzi za Whitworth za kawaida hazifai kwenye taa, na hapa ndipo jambo linapokuwa tamu. Uzi wa nusu inchi wenye nyuzi 12 unachimba kina cha milimita 1.35 hivi. Bomba la taa lina ukuta wa milimita moja, pengine na nusu. Ukilichonga hivyo umelikata. Waingereza wakaja na nyuzi za shaba, ambazo kwa kila kipenyo ni 26 kwa inchi. Bomba liwe jembamba au nene, kina cha uzi ni kilekile, kama milimita 0.63. Ukikuta holda ya zamani ya Kiingereza, mara nyingi mdomo wake ni wa nusu inchi au wa inchi tatu kwa nane, wote wa nyuzi 26.

Ndugu wanne wanaofanana

Mzee alipanga mezani vijibomba vinne, akaniambia nivitenganishe kwa macho. Nilishindwa. Hata wewe ungeshindwa.

Cha kwanza ni hicho cha Kiingereza cha inchi tatu kwa nane, nyuzi 26. Kipenyo chake cha nje ni milimita 9.5. Cha pili ni cha mabomba ya gesi ya Uingereza, kinachoitwa moja kwa nane BSP, chenye milimita 9.7 na nyuzi 28 kwa inchi. Cha tatu ni cha kisasa cha milimita 10, ambacho nafasi kati ya uzi na uzi ni milimita moja kamili. Cha nne ni cha Marekani, nacho huitwa moja kwa nane, lakini kina milimita 10.3 na nyuzi 27. Kutoka mdogo hadi mkubwa tofauti haifiki hata milimita moja.

Kuhesabu nyuzi peke yake hakusaidii sana. Nyuzi 26 kwa inchi ni sawa na nafasi ya milimita 0.98, jirani kabisa wa milimita 1 ya kisasa. Kwenye kijibomba kifupi cha sentimita moja huwezi kuona tofauti hiyo, na ndiyo maana nipo yangu iliingia raundi moja na nusu ikinidanganya. Kinachoamua ni kipenyo. Mzee alitumia venia, kile kipimo cha kubana chenye mataya mawili. Upande wa dume alipima nje ya nyuzi. Upande wa jike alipima tundu: la inchi tatu kwa nane hupwaya milimita 8.3 hivi, la BSP 8.6, la milimita kumi hufika 8.9. Mkono wangu wa taa, ule ambao haujaharibiwa, ulitoa 8.3. Mimi nilikuwa nimesukuma dume la milimita 10 ndani ya jike la 9.5.

Hapo tumeshaongeza mkanganyiko mwingine ambao umewahangaisha mafundi wengi. Moja kwa nane ya inchi ni milimita 3.2 tu. Inakuwaje kijibomba cha karibu milimita kumi kiitwe moja kwa nane? Jibu ni kwamba mabomba ya gesi na maji yalipewa majina kwa upana wa tundu la ndani la bomba la enzi zile. Nyuzi zenyewe ziko nje, na nje ni kunene zaidi. Bomba la maji la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 21, na kila fundi bomba wa Kariakoo analijua hilo bila hata kulifikiria. Taa nyingi za kwanza za umeme zilitokana na taa za gesi, na mabomba yake yakaja na majina yake.

Sasa paipu za kupitishia waya ukutani na darini nazo zikafanya kinyume. Hizo huitwa kwa kipenyo cha nje. Paipu ya robo tatu ya inchi ni milimita 19 kwa nje, nyuzi 16 kwa inchi. Mrithi wake wa kisasa ni wa milimita 20, wenye nafasi ya milimita 1.5. Ndoano ya taa ya zamani inayofungwa kwenye boksi la dari mara nyingi ni ya aina hii. Ukichukua nati ya milimita 20 ukaitia kwenye paipu ya 19, itacheza. Itaonekana imeshika. Chini yake inaning'inia taa ya kilo nne, na chini ya taa wamekaa watoto wanafanya kazi za shule.

Skrubu ndogo nazo zina hadithi

Zile skrubu nyembamba zinazobana waya na vifuniko si za Whitworth wala si za inchi kwa maana halisi. Ni za BA, mfumo uliopendekezwa mwaka 1884 na jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza kwa ajili ya vyombo vidogo. Kinachochekesha ni kwamba Waingereza, waliogoma mita kwa miaka mingi, waliujenga mfumo huo juu ya milimita kwa kuiga kazi ya Mswisi aitwaye Thury. Namba sifuri ina kipenyo cha milimita 6 na nafasi ya milimita 1, kisha kila namba inayofuata nafasi yake ni tisa ya kumi ya iliyotangulia. Pembe yake ni digrii 47 na nusu.

Kwenye taa na swichi za zamani utakutana zaidi na namba 2, 4 na 6, zenye vipenyo vya milimita 4.7, 3.6 na 2.8. Namba 4 ndiyo iliyokuwa ikifunga vifuniko vya swichi, na leo mahali pake pameshikwa na skrubu ya milimita 3.5. Ukiitia hiyo ya kisasa kwenye tundu la namba 4 inaingia bila ubishi, inazunguka vizuri, na haishiki chochote. Ikiwa ndiyo inayobana waya wa ardhi, umejiwekea ulinzi wa jina tu.

Na hewa ya Durban haina huruma. Ni chumvi na joto, kama Tanga au Mombasa. Skrubu ya chuma ndani ya shaba huganda kama imechomelewa. Mzee hakuilazimisha hata moja. Alitia mafuta mepesi, akaacha mpaka kesho yake, akarudia, kisha akaanza kwa kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Kwa matundu aliyotaka kuhesabu nyuzi zake, alikandamiza kipande cha mti laini ndani ya tundu, akakitoa kikiwa na alama, akakilinganisha na geji yake, yale majani ya chuma yenye meno yanayokunjwa kama kisu cha mfukoni. Bila geji, skrubu nzima inayojulikana namba yake inatosha: zilaze nyuzi kwa nyuzi, uzitazame kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, si ndugu.

Alinikataza kitu kimoja ambacho nilikuwa tayari nimekifanya. Nilitaka shaba ing'ae, nikawa nailoweka kwenye dawa ya kusafishia yenye amonia. Alichukua chombo, akamwaga. Shaba ya manjano iliyokunjwa au kuvutwa ikiwa baridi hubaki na mvutano ndani yake, na amonia huipasua taratibu. Jeshi la Uingereza huko India lililijua hilo kwa hasara: risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika zilipasuka maganda kwa sababu ya amonia ya mikojo. Sababu yenyewe ilielezwa kitaalamu mwaka 1921. Siku hizi nasafisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Haing'ai sana, lakini haivunjiki.

Waya zote zilitolewa. Mpira wa zamani uliozifunika ulikuwa ukivunjika kama biskuti. Mzee alinionya pia kuhusu rangi. Waya za Kiingereza za zamani zilikuwa nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ardhi. Lakini taa iliyotoka Ujerumani kabla ya 1965 inaweza kuwa na waya mwekundu ambao ni wa ardhi. Tanganyika ilitawaliwa na Wajerumani na baadaye Waingereza, kwa hiyo mwenye taa ya urithi huko Tanga au Bagamoyo asiamini rangi hata kidogo. Apime, au bora zaidi, atoe zote.

Mkono wa tatu

Tulibishana juu ya ule mkono niliouharibu. Mimi nilitaka urudishwe kama ulivyokuwa: ujazwe kipande cha shaba, uunganishwe kwa risasi ya kulehemu, uchongwe upya kwa inchi tatu kwa nane. Mzee alisema hiyo ni kazi ya maonyesho. Tundu lilikuwa limeshapanuka, akalisafisha kwa keke na kuchonga nyuzi za milimita 10 zilizonyooka, mpaka ile nipo ya dukani ikaingia kwa vidole hadi mwisho. Kisha akagonga kwa nyundo na muhuri mdogo, ndani ya kikombe pasipoonekana, namba "10". Alisema fundi atakayeifungua taa hii baada yetu atajua mkono huu ni tofauti na wenzake. Mikono miwili mingine imebaki na holda zake za zamani. Sasa nakubali alikuwa na haki, ingawa siku ile nilinuna.

Kila mkono umepata waya wake wa ardhi, umebanwa kwenye shaba iliyokwanguliwa hadi ionekane safi. Kwenye mdomo wa kila bomba alitia pete laini ili waya zisikatwe. Ndoano ya dari tuliipima: ilikuwa milimita 19, na nati yake ya kale bado nzima. Kabla ya kuipandisha taa, alining'iniza kwenye ndoano ndoo yenye lita kumi za maji, akaenda zake kulala. Asubuhi ndoo ilikuwa palepale. Fundi umeme mwenye leseni akaja kuunganisha na kupima, kwa kuwa sheria ya hapa haimruhusu mtu yeyote tu kugusa waya za nyumba.

Nimekuwa nikiwaza kuhusu Zanzibar tangu hapo. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na linalotajwa kuwa la kwanza visiwani kupata umeme, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Katika kazi za ukarabati wa Mji Mkongwe, macho huenda kwenye kuta na milango ya nakshi, na ni sawa. Lakini zipo pia taa, katika majumba ya watu, misikiti na ofisi, na skrubu zake hazipatikani tena dukani. Anayezikuta zimelegea hutia gundi, au hukaza ya milimita kama nilivyofanya mimi. Kuchonga nyuzi 26 kwa inchi kunahitaji tapu na dai moja tu, kifaa kinachoingia mfukoni na bado kinauzwa Uingereza. Karakana moja ya mafunzo ya ufundi ikiwa nacho, inaweza kuhudumia mji mzima.

Yangu niliagiza kwa posta, ya inchi tatu kwa nane. Mzee ameiazima na hajairudisha. Ana taa ya jirani yake mezani, na mara hii, ananiambia kwa simu, ni ya gesi, nyuzi 28. Nyumbani taa inawaka. Balbu sasa hubadilisha mimi, swichi kuu ikiwa imezimwa.